Kibao cha Hamsini

Kuna wakati nilikuwa nikifasiri hadithi fupi ya Kimarekani, yenye kisa cha mume na mke waliosafiri kwa gari siku mbili kwenda kumzika baba wa mke. Katika ukurasa wa tatu wanapita katika mji mdogo, askari anawasimamisha, wanatozwa faini, na tangu hapo mpaka mwisho wa hadithi hawasemezani. Kisa chenyewe hakikuwa kigumu kukifasiri. Kilichonikalisha siku mbili nzima ni maneno mawili ambayo yule mume anayatamka kwa hasira baada ya kurudi garini, maneno ambayo ukiyatwaa moja moja yatakupa kwa Kiswahili “mtego wa mwendo”.

Sisi watu wa visiwani mitego tunaijua. Tuna dema na tuna wando, tuna ulimbo wa ndege na tuna kitanzi cha paa. Kila mtego katika hiyo una kitu unachokinasa, na kitu hicho aghalabu huwa na nyama. Mwendo hauna nyama. Nami sikufundishwa kufasiri katika chuo chochote; Kiingereza changu nilikiokota katika kamusi moja iliyokwisha kupoteza jalada lake na katika magazeti ya zamani, na desturi yangu ni kwamba neno likinishinda huiacha kamusi nikawatafuta watu wanaoishi na kitu chenyewe. Nikampigia simu mpwa wangu, ambaye huendesha lori baina ya Dar es Salaam na Moshi. Hakufikiri hata kidogo. “Mjomba,” alisema, “hiyo si tochi tu?”

Kwa msomaji asiyesafiri sana bara, tochi ni kile chombo mfano wa bastola nene anachokishika askari wa usalama barabarani na kukielekeza kwenye gari linalokuja. Chombo hutuma mawimbi au miale, ikagonga gari na kurudi, na kwa namna ya kurudi kwake kikatambua gari linakwenda kilomita ngapi kwa saa. Madereva wamekipa jina la tochi, na katika jina wakapata na kitendo chake: mtu “hupigwa tochi”. Jina hili limenistaajabisha kuliko maneno mengi niliyoyapata vitabuni. Tochi tuliyoizoea ni ya mwenye kupita gizani, aione njia yake asijikwae. Hii imo mkononi mwa aliyekaa kivulini, nayo humulika mchana kweupe, na mwenye kumulikwa haoni kitu mpaka aonyeshwe namba. Katika tafsiri yangu niliandika “mtego”, kwa sababu hasira ya yule bwana ilitaka mtego, lakini tochi haikunitoka kichwani, na safari yangu iliyofuata ya kwenda kwa dada yangu niliifanya nikiwa na macho mengine.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka sita, na ndiye mama wa huyo mpwa wangu. Aliolewa bara zamani, na hadi leo anaishi katika mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Chalinze kwenda Segera. Anayeijua njia hiyo anaijua kwa majina yanavyofuatana: Msata, kisha mto Wami na daraja lake, kisha Mkata, Kabuku, mpaka Segera penyewe, ambapo njia hugawika, ya kulia ikenda Tanga na ya kushoto ikapita Korogwe, Mombo na Same hadi Moshi. Baina ya majina hayo yako mengine mengi ambayo abiria hawayajui, kwa kuwa basi halisimami, na katika mojawapo ndipo alipo dada.

Ukiitazama barabara ile utaona watu wamekaa juu yake kama shanga katika uzi. Hilo halikutokea kwa bahati. Vijiji vingine vilikuwepo kabla ya lami, na vingine vilivutwa na biashara ya wasafiri, lakini vingi katika Tanzania Bara vilipangwa na serikali wakati wa Operesheni Vijiji, baina ya 1973 na 1976, watu walipohamishwa kutoka makwao wakawekwa pamoja, mara nyingi kando ya njia kuu, ili shule, zahanati na maji viwafikie kwa wepesi. Mwaka huohuo wa 1973 ndipo ilipotungwa Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo imekuwa ikirekebishwa mara kwa mara, na ndiyo iliyosema kwamba katika makazi ya watu gari lisizidi kilomita 50 kwa saa, na kwamba basi na lori kubwa lisizidi 80 hata mahali pasipo na watu. Serikali hiyohiyo, basi, iliwaleta watu barabarani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ikasimamisha kibao.

Nyumba ya dada iko hatua 40 kutoka kwenye lami. Shule, zahanati na msikiti viko upande wake. Kisima, soko na mashine ya kusaga viko upande wa pili. Hapana siku ambayo mtu wa mji ule havuki mara nne au tano. Katika safari hiyo ninayoisema nilimwona amesimama ukingoni na ndoo yake, wajukuu wawili wamemshika nguo, na magari yanapita. Naye hatazami gari lililo karibu bali anatazama mbali zaidi, mfano wa mvuvi anayeyasoma mawimbi akitafuta pa kupitishia ngalawa. Kisha akasema, “Haya,” tukavuka. Gari dogo lililokuwa likija kwa kasi likapunguza mwendo kabla ya kutufikia, nami nikasema kwamba dereva yule alikuwa na imani.

“Imani gani?” dada akauliza. “Hukuiona taa?”

Nilikuwa sijaiona. Akanieleza jambo ambalo mwanawe hakuwa amenieleza, pengine kwa kuwa hakujua kama mama yake analijua. Dereva aliyekwisha kupita walipokaa askari huwawashia taa kubwa mara mbili tatu wenzake wanaokuja kutoka upande wa pili, kuwaonya kwamba mbele kuna tochi. Ni ihsani ya watu wasiojuana, na madereva huiona kuwa siri yao. Lakini dada yangu, ambaye maisha yake hajapanda hata baiskeli, ameijifunza lugha ile herufi kwa herufi. Akiliona basi linalotoka kusini likiliwashia taa gari linalotoka kaskazini, anajua kwamba gari hilo la pili litapita mjini polepole, na hapo ndipo anapovuka. Siku walizopo askari ndizo siku za kuwatuma watoto sokoni. Saa kumi jioni askari wakikunja vitu vyao, watoto hurudishwa uani.

Nililichukua jambo hilo nikarudi nalo Unguja, na kwa muda mrefu sikuwa na la kulifanyia. Sheria iliandikwa kwa ajili ya mtu kama dada yangu, ilhali yeye inamfikia kwa mlango wa nyuma, kupitia maonyo ambayo watu wengine wanapeana kwa hofu ya jambo jingine kabisa.

Kwa kuwa neno lile la hadithi lilikuwa bado likinisumbua, nikaanza kusoma nilikoweza, nikaona kwamba taa za madereva wetu zina babu. Uingereza, mwaka 1865, palikuwa na sheria iliyotaka kila gari la mashine litanguliwe na mtu wa miguu aliyeshika bendera nyekundu, na lisizidi maili 4 kwa saa nje ya mji wala maili 2 ndani yake. Tarehe 28 Januari 1896 bwana mmoja aitwaye Walter Arnold alipita katika kijiji cha Paddock Wood, Kent, kwa mwendo wa maili 8 kwa saa. Askari akapanda baiskeli, akamfukuza maili 5 mpaka akampata, na mahakama ikamtoza shilingi moja pamoja na gharama. Sheria ya 1903 ikakipandisha kikomo hadi maili 20, na askari wakawa wanajibanza nyuma ya vichaka na saa mkononi, wakipima muda ambao gari huchukua kutoka alama moja hadi nyingine. Mwaka 1905 wenye magari wakaunda chama chao, Automobile Association, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwaweka barabarani vijana wenye baiskeli wawaonye wanachama juu ya mitego.

Mwaka 1910 mahakama ikaamua kwamba kumwonya dereva aliyekwisha kuvunja sheria ni kumzuia askari asifanye kazi yake. Chama hakikushindwa. Kilikuwa na desturi kwamba kijana humpigia saluti kila mwanachama aliyebandika beji kwenye gari lake. Basi wanachama wakaambiwa kwamba wakipita na wasipigiwe saluti, wasimame wamwulize kijana sababu. Hapana mahakama iwezayo kumtia mtu hatiani kwa kuacha kusalimu. Sisi ambao tangu utotoni tunaambiwa kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu tungestahili kulibuni jambo hilo kabla yao. Hata hivyo, katika kisa hicho cha saluti wamo askari, kijana wa baiskeli na bwana mwenye gari. Mwenyeji wa kijiji hayumo.

Marekani ndiko maneno ya hadithi yangu yalikokomaa, na huko mambo yalichukua sura nyingine, kwa sababu miji midogo mingi ina polisi wake na hujichumia faini zake. New Rome, kijiji kilichokuwa kando ya jiji la Columbus katika jimbo la Ohio, kilihesabiwa mwaka 2000 kikawa na wakazi 60. Barabara kuu ilikipitia kidogo tu, na katika kipande hicho kikomo cha mwendo kilishuka kutoka maili 45 hadi 35, na polisi wa kijiji walikuwa pale wakingoja. Kijiji kiliishi kwa faini, mpaka mwaka 2004 mahakama ikakivunja kisiwe kijiji tena. Hampton, katika jimbo la Florida, ulikuwa na watu wasiofika 500, na barabara kuu ya 301 haikupita mjini bali pembeni. Basi katika miaka ya 1990 mji ukajiongezea ukanda mwembamba wa ardhi hadi ukaigusa barabara, urefu wa karibu mita 400, na humo ndimo askari wake walimokaa na tochi zao. Mwaka 2014, baada ya ukaguzi wa hesabu kufichua mengi, wabunge wa jimbo walitaka kuufuta mji mzima, nao ukanusurika kwa kuuachia ule ukanda na kuvunja polisi yake. Mwaka huohuo mji jirani wa Waldo, ulio juu ya barabara ileile, nao ulikivunja kikosi chake.

Kwa maoni yangu hapo ndipo neno “mtego” linapokaa mahali pake barabara. Anayetega dema haombi samaki wawe werevu. Mji uliokwisha kuipigia hesabu faini ya mwakani hauwezi kutaka kwa moyo safi kwamba wapitao wapunguze mwendo, na kibao chake, hata kikiwa na namba ya haki, kimeandikwa na mtu anayetumaini hakitasomwa.

Lakini huku kwetu jambo halifanani na hilo, na nisingependa msomaji afikiri kwamba nimelifananisha kwa haraka. Faini ya dereva aliyepigwa tochi katika mji wa dada haiingii katika mji ule. Haijengi choo cha shule wala haitii bati zahanati, huenda serikalini. Wale wa Hampton walikuwa wenye mtego. Mji wa dada ni chambo.

Safari moja nilikuwa na mpwa wangu katika gari dogo la kuazima, tukitoka msibani, yeye akiendesha. Tulikuwa tumekwisha kuuacha mji mmoja nyuma, pande zote mbili ni mkonge, hapana nyumba wala mbuzi, ila kibao kimoja cha 50 kilichoelemewa na majani. Mbele kidogo askari wawili walikuwa chini ya mwarobaini. Wa tatu, kama tulivyokuja kujua, tulikwisha kumpita bila ya kumwona. Alikuwa vichakani, ametupiga picha pamoja na namba yetu, akaituma kwa simu kwa wenzake. Askari kijana alinisalimu kwanza, “Shikamoo, mzee,” nami nikamwitikia, kisha akamwonyesha mpwa wangu kioo cha simu. 63. Faini ni shilingi 30,000.

Mpwa wangu alianza kusema habari za msiba. Askari alisikiliza kwa adabu, akatoa pole, na pole yake naamini ilikuwa ya kweli. Kisha akasema: “Sasa tunafanyaje, ndugu dereva? Tusaidiane.”

Nimeandika mashairi kwa zaidi ya miaka 30 na sijapata kukitumia kitenzi hicho kwa ufundi kama ule. Kauli ya kutendana haina mtoaji wala mpokeaji. Wote wawili ni watenda na wote wawili ni watendwa, na baada ya kutamkwa hapana aliyeomba. Nilimwambia mpwa wangu tutalipa faini na tutapewa stakabadhi, naye hakufurahi, kwa kuwa kusaidiana kungalikuwa rahisi mara tatu. Ilipokuwa ikiandikwa nilikwenda kukaa kwenye jiwe karibu na askari mwingine, mtu mzima wa makamo yangu, nikamwuliza kwa nini wamekaa hapa penye mkonge na si kule mjini penye watoto.

“Mjini wanatuona, mzee,” alisema. “Hapa ndipo wanapofungua.”

Nikamwambia kwamba hapa hapavuki mtu. Akanyamaza kidogo, akichora chini kwa kijiti. Kisha akasema kwamba yeye yumo katika barabara ile mwaka wa kumi na moja, na kwamba gari linapoangukia mkonge ni yeye anayeingia kuwatafuta watu kwa tochi, na hapo alikusudia tochi ya betri. “Wewe unaniuliza kwa nini najificha. Hujaniuliza nimeokota wangapi.”

Sikumwuliza. Alikuwa akisema kweli, na yule mwenzake naye, aliyesema “tusaidiane”, alikuwa hatua sita tu kutoka pale, na huenda siku nyingine maneno hayo hubadilishana vinywa.

Tulipoondoka niliigeuza ile karatasi ya faini, nikapiga hesabu nyuma yake. Mji wenye urefu wa kilomita 2, ukiupita kwa 80, utakuchukua sekunde 90. Ukiupita kwa 50 utakuchukua sekunde 144. Tofauti ni sekunde 54. Ikiwa njiani kuna miji 20 ya namna hiyo, na kila mmoja dereva akaupa haki yake, atachelewa kufika kwa dakika 18. Nilimsomea mpwa wangu. Akasema, “Mjomba, tajiri haangalii dakika zako, anaangalia lori limefika,” jambo ambalo halikuwa jibu la hesabu lakini lilikuwa jibu. Madereva wa mabasi nao wana saa yao: kwa miaka mingi basi halikuruhusiwa kusafiri usiku bara, ruhusa iliporudi ilikuwa mwaka 2023, na katika miaka hiyo yote anayekwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, alikimbizana na giza.

Kuna hesabu nyingine ambayo Shirika la Afya Duniani limeieleza. Mwenda kwa miguu akigongwa na mbele ya gari, hatari ya kufa kwake huongezeka mara nne na nusu pale mwendo unapopanda kutoka 50 hadi 65. Sisi tulikuwa 63. Hayo hatukuambiwa chini ya mwarobaini, wala karatasi haikuyataja, wala kibao hakiyasemi. Kibao husema namba. Katika njia ya Mbeya, inapokata ndani ya hifadhi ya Mikumi, nimeona bango lenye majina ya wanyama na faini ya kila mmoja kwa atakayemgonga: tembo, twiga, simba, pundamilia na wengineo. Nilimsikia dereva wa basi letu akimsomea konda bei ya twiga kwa sauti, na basi lilikwenda polepole kweli. Sisemi kwamba watoto wa kando ya barabara waandikiwe bei. Nasema tu kwamba pale mbugani msafiri huambiwa ni nani anayeweza kuvuka.

Mwaka 2015, mwezi wa mahindi mapya, mtoto wa jirani wa dada, mwanafunzi wa darasa la tatu, alitumwa mashineni na debe dogo la mahindi. Ilikuwa yapata saa kumi na nusu. Askari walikuwapo siku ile tangu asubuhi, na hapana aliyewaona wakiondoka. Mtoto alisimama ukingoni kama alivyofundishwa. Basi lilikuja kutoka kusini likawasha taa mara mbili, na mtoto akavuka. Basi lililokuwa likija kutoka kaskazini halikupunguza mwendo.

Baadaye, kituoni, yule dereva wa kwanza alieleza kwamba hakuwa akimwonya mtu. Mabasi yale mawili ni ya tajiri mmoja. Alikuwa akimsalimu mwenzake.

Dada ndiye aliyewafundisha watoto wa mtaa ule kusoma taa. Hajapata kulisema jambo hilo mbele yangu, nami sijamtajia.

Kilichofuata kimetokea katika miji mingi ya njia kuu, na msomaji wa magazeti anakijua. Asubuhi ya baada ya maziko watu waliweka mawe na magogo barabarani, wanawake wakakaa juu ya lami na ndoo zao, na magari yakasimama pande zote mbili mpaka yasionekane mwisho. Katika lile foleni la upande wa kaskazini lilikuwamo lori la mpwa wangu, limebeba vitunguu. Alikaa saa tano akiwalaani watu wa mbele yake, na alipochoka akateremka, akatembea hadi kwenye mawe, akamkuta mama yake amekaa juu ya moja. Hawakugombana. Alimpa maji, akarudi kwenye lori. Mkubwa wa wilaya alikuja, akaahidi, na ahadi yake, tofauti na nyingi, ilitimia: kabla ya mwaka kwisha walikuja wahandisi wakatia matuta mawili makubwa, na kabla ya kila tuta rasta za kutikisa tairi, na baina yake mistari myeupe ya kuvukia.

Tuta lina ubaya wake. Mpwa wangu anaweza kukuhesabia springi alizovunja, na mjamzito anayekimbizwa hospitali analipata kwa namna ambayo mwenye kulidai hakuifikiria. Pia ni jambo la kutia haya kwamba namba iliyoandikwa kwa herufi nyeusi juu ya kibao cheupe haikuweza kufanya kinachofanywa na lundo la lami. Ila tuta halikunji vitu vyake saa kumi. Halijifichi, halipigi picha, na hapana awezaye kuliambia wasaidiane. Wachuuzi wa machungwa waliokuwa wametawanyika mji mzima wamehamia pale, kwa sababu pale gari hutambaa na abiria huweza kutoa mkono dirishani. Dada naye ana meza yake, kwenye tuta la pili, upande wa kivuli. Askari wamesogea kilomita nne mbele, kwenye mkonge.

Nilimtembelea mwaka jana. Tulikuwa mezani kwake jioni, jua likishuka, na watoto walikuwa wakivuka kwenda na kurudi kana kwamba lami ni ua wa nyumba yao, bila ya kugeuza shingo. Nikasema kwamba hilo ni jambo la kushukuru. Dada alikuwa akipanga machungwa mafungu mafungu, akayapanga mpaka akamaliza.

“Hawa wamezaliwa na matuta,” alisema. “Kwa shangazi yao, hapo mji wa tatu, hakuna. Likizo wanakwenda huko.”

Kisha akaniuliza kama nimekula.